KINGA YENYE MOTERI INATAKA KINGA

Hapa kwetu neno moja lina kazi mbili. Kinga ni baiskeli tunayoipanda kwenda kazini, sokoni, kanisani ao msikitini. Kinga ni pia ile hali ya kujilinda na hatari kabla haijafika. Leo ukurasa wa usalama na afya unasema juu ya kinga zote mbili, kwa sababu kuna wenzetu wanaochukua kinga ya kwanza, wanaifunga moteri nyumbani kwao, na kinga ya pili wanaiacha kwenye mlango wa usini.

Tunajua namna jambo hili linavyoanza. Mfanyakazi wa migodi haogopi chuma. Siku sita anashinda na pampu, kompresa na mashini za kutoboa mawe. Mikono yake imezoea ufunguo na boloni. Akirudi Uvira kwa mapumziko, anaona barabara inayofuata ziwa toka Kavimvira mpaka Kalundu, anaona jua kali, mzigo mzito, na kinga yake imeegemea ukuta. Akibahatika kupata moteri ndogo ya sentimita za ujazo 49, iliyotoka kwenye pikipiki iliyokufa ao ndani ya sanduku jipya toka China, anajisemea: "Kwa nini niendelee kukanyaga pedali?"

Wakubwa wengine wa kazi wanasema: jambo hili likatazwe kabisa. Wafanyakazi wengine wanajibu: mambo ya nyumbani ni ya mwenye nyumba, kompani isituingilie. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Akili ya fundi si kosa, na kuikataza ni kuifukuza ijifiche gizani, pale ambapo hakuna mtu wa kumwambia kwamba boloni yake imelegea. Lakini pia hakuna ajali ya nyumbani tu. Mtu aliyevunjika mguu siku ya Mungu, kesho yake hana mguu wa kwendea kazini, na watoto wake hawaulizi kama ameumia saa ya kazi ao saa ya mapumziko. Wanauliza unga.

KAZI HII INA WAZEE WAKE

Kufunga moteri kwenye kinga si mchezo wa watoto wala si aibu. Mwaka 1946, vita ikiwa imekwisha na Japani ikiwa na shida kubwa ya usafiri, Soichiro Honda wa mji wa Hamamatsu alipata moteri ndogo zilizotumika kuzalisha umeme wa redio za jeshi. Akazifunga kwenye baiskeli. Tangi lake la kwanza la mafuta lilikuwa chupa ya kuwekea maji ya moto ya nyumbani. Mwaka huohuo wa 1946 Ufaransa ilianza kuuza VéloSoleX, baiskeli yenye moteri juu ya gurudumu la mbele. Mwaka 1949 kompani ya Motobécane ikatoa Mobylette, ambayo wazee wa nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa wanaijua vizuri.

Wenzetu wanapenda kusikia habari ya Honda, na ni haki yao. Lakini wengi wanasimama nusu ya njia. Honda hakubaki na baiskeli iliyofungwa moteri. Mwaka 1949 kompani yake ilitoa pikipiki iliyoitwa Dream D, na fremu yake ilikuwa ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba moteri. Yaani fundi huyo aliona mapema kwamba moteri ni sehemu moja tu ya kazi. Fremu, magurudumu na breki ndivyo vinavyomrudisha mtu nyumbani.

Hilo ndilo neno letu la leo: anayejenga kinga ya moteri aanze na vitu vinavyoisimamisha, ndipo aje kwa kitu kinachoikimbiza.

NGUVU YA WATU KUMI NA WATANO

Mtu mwenye afya akikanyaga pedali saa nzima, anatoa nguvu ya wati 100 hivi. Moteri ndogo yenye nguvu ya farasi 2 inatoa karibu wati 1,470. Ni kama watu 15 wamepanda kinga moja na wote wanakanyaga pamoja. Sasa tuulizane: yule aliyetengeneza ile kinga, aliihesabia watu wangapi? Aliihesabia mmoja, na pengine mzigo wa muhogo nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kufunga moteri, osha fremu mpaka chuma kionekane. Angalia kila mahali palipounganishwa kwa moto, zaidi pale shingoni na kwenye uma wa mbele. Ukiona mstari mwembamba wa kutu ao rangi iliyopasuka, huo ni ufa. Fremu hiyo ibaki ya kubebea maji. Usitoboe bomba la fremu ili kupitisha boloni ya moteri, kwa sababu mtetemeko wa moteri utaanzia kwenye lile tundu na kulipasua bomba polepole. Tumia mikono ya chuma inayokumbatia bomba toka nje, na weka mpira katikati.

Meno ya mnyororo ya nyuma nayo yanataka macho. Katika moteri nyingi za sanduku, gurudumu la meno linafungwa kwenye spoki kwa vipande viwili vya mpira na boloni 9. Boloni hizo zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kama tunavyokaza mfuniko wa pampu, wala si moja mpaka mwisho kisha nyingine. Zungusha gurudumu kwa mkono: meno yakiyumba kulia na kushoto, mnyororo utatoka. Mnyororo ukitoka kwenye mwendo mkali, unaingia kwenye spoki na kulikaba gurudumu. Kile kigurudumu kidogo cha kukaza mnyororo nacho kinaweza kugeuka kwenye bomba na kuingia kwenye spoki. Kifungwe mpaka mkono usiweze kukisogeza.

Na mnyororo ufunikwe. Mama akikaa nyuma na kitenge chake, ao mtoto akining'iniza mguu, mnyororo usio na kifuniko hauchagui. Sisi tunasema wazi zaidi: kinga ya moteri ya kujengwa nyumbani isibebe mtu wa pili hata kidogo.

BREKI MBELE, MOTERI NYUMA

Wacha tufanye hesabu ndogo, ile ambayo kila mfanyakazi anaweza kuifanya chini ya mti.

Kwa kinga ya kawaida unakwenda kilomita 15 kwa saa. Kila sekunde unapita mita 4. Mbuzi akikatisha barabara, sekunde moja inakwisha kabla mkono haujashika breki: mita 4 zimekwenda. Tuseme breki zako zinakusimamisha kwa mita 2 nyingine. Jumla ni mita 6, na mbuzi amepona.

Sasa umefunga moteri na unakwenda kilomita 45 kwa saa. Mwendo umeongezeka mara 3, lakini nguvu ya kuanguka nayo haikuongezeka mara 3. Imeongezeka mara 9. Katika ile sekunde ya kwanza unapita mita 12. Breki zilezile ambazo zilitaka mita 2 sasa zinataka mita 18. Jumla ni mita 30. Hesabu hatua zako kutoka mlango wa nyumba: mita 30 ni nyumba ya jirani wa tatu. Katikati hapo kuna mbuzi, kuna mtoto, kuna mama mwenye beseni la ndakala kichwani.

Na hayo ni breki nzuri, barabara kavu. Kinga nyingi za chuma, kama Phoenix toka China, zina breki za vyuma virefu vinavyovuta mipira midogo kwenye janti ya chuma. Janti ya chuma ikilowa, mipira inateleza. Uvira ina mvua, na inajua mvua ni nini. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulijaa, ukabomoa nyumba, ukaua watu. Lakini hata mvua ndogo isiyotangazwa kwenye redio inashusha mawe na mchanga toka mlimani mpaka kwenye barabara. Tairi jembamba la kinga likikanyaga mchanga huo kwa kilomita 45, mwenye kinga hana la kusema.

Uwanda wa Ruzizi nao una hatari ya namna yake. Toka Kiliba kupita Sange na Luvungi mpaka Kamanyola nchi ni tambarare, barabara inanyooka, na kunyooka kunamdanganya mtu. Mlima unamwogopesha dereva, anajilinda mwenyewe. Uwanda unamwambia, "Fungua tu." Halafu ng'ombe wanatokea ndani ya majani.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Fedha ya kwanza ya kazi hii inunue breki. Ukipata gurudumu la mbele lenye breki ya ngoma, pamoja na uma unaolingana nalo, anza na hilo hata kama moteri bado iko ndani ya sanduku. Breki ziwe mbili, na kila moja iwe na kamba yake. Breki zote mbili kwenye kamba moja ni breki moja. Kisha zipime. Chagua barabara isiyo na watu, chora mstari chini, fika kwenye mstari kwa mwendo unaoujua, shika breki zote mbili, hesabu hatua. Fanya hivyo mara tano. Kama unahitaji hatua nyingi kuliko unavyoweza kuona mbele yako kwenye barabara ya kwenu, basi huo mwendo si wako bado.

Pia weka kifungo cha kuzimia moteri karibu na kidole gumba. Kamba ya esanse inaweza kukwama ikiwa wazi. Siku hiyo hutakuwa na nafasi ya kutafuta waya.

ESANSE SI PETROLI

Hapa Kongo tunasema esanse kwa mafuta ya moteri, na petroli kwa mafuta ya taa. Ng'ambo ya ziwa, kwa wenzetu wa Tanzania, petroli ni yale mafuta ya moteri. Mgeni akiomba petroli, ao mtoto akitumwa haraka, chupa moja inaweza kushika nafasi ya nyingine. Esanse ikimiminwa ndani ya taa, hiyo si taa tena, ni bomu mezani.

Kwa sababu hiyo chupa ya limonadi ni adui wa usalama. Tunanunua esanse kwa chupa kando ya barabara, kwa wale wauzaji wanaoitwa makadafi, na chupa inaingia nyumbani na kukaa karibu na chupa ya petroli na chupa ya mafuta ya kupikia. Tangu leo, mwenye kinga ya moteri awe na kidumu kimoja cha chuma ao cha plastiki ngumu, chenye mfuniko wa kukaza, na alama nyekundu ambayo hata asiyejua kusoma anaielewa. Kidumu kikae nje ya nyumba ya kulala, mahali penye kivuli na hewa, mbali na mkono wa mtoto.

Tusisahau jinsi esanse inavyofanya kazi. Kinachowaka si yale maji unayoyaona. Ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unatambaa chini kama nyoka, unapita chini ya mlango, unafika kwenye jiko la makala lililo mbali na wewe, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye kidumu ulichoshika. Jua la Uvira linauongeza. Basi hakuna kumimina esanse jioni wakati mama anapika, hakuna kumimina ukiwa na sigara, hakuna kumimina kwa mwanga wa taa ya moto, na hakuna kumimina moteri ikiwa bado ya moto.

Watu wa upande huu hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa kitabu. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, lori la kubeba mafuta lilianguka. Esanse ikamwagika katikati ya makao ya watu. Wengine walikuja kuichota. Wengine walikuwa wamekaa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, hawakuwa na habari ya lori. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Lori na chupa havilingani kwa ukubwa, lakini esanse ni ileile, na mvuke ni uleule.

Kumbukeni mambo haya manne ya afya:

1. Usinyonye esanse kwa tiyo na mdomo. Tone likiingia kwenye mapafu linaleta ugonjwa mkali wa kifua. Mtu aliyemeza esanse asitapishwe. Apelekwe kwa munganga mara moja.

2. Usiwashe moteri ndani ya chumba ao ndani ya nyumba ya duka iliyofungwa. Moshi wake una ile hewa ya kaboni isiyo na rangi wala harufu. Sisi wa migodi tunajua hewa mbaya inavyoua: inamlaza mtu kwanza.

3. Esanse ikiwaka usimwage maji, yatautembeza moto. Tupa mchanga. Mchanga wa ziwa haununuliwi. Ndoo moja ikae siku zote mahali pa kazi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, kisha aende hospitali.

4. Usiunganishe kwa moto tangi lililowahi kubeba esanse, hata kama limekauka mwaka mzima. Kwenye atelie hakuna mkubwa wa kazi atakayekuruhusu. Nyumbani mkubwa wa kazi ni wewe.

KUREKEBISHA SI KUONGEZA MBIO

Moteri ikisha kufungwa, kunakuja ugonjwa mwingine: tamaa ya kuikaza. Jirani anasema yake inakimbia zaidi. Fundi anaanza kuchezea karburateri kila jioni, na kila jioni anatafuta mbio. Sisi tunasema kwamba kurekebisha moteri ni kuifanya ipumue sawasawa, isichemke, izimike unapotaka na itii mkono. Moteri iliyorekebishwa vizuri mara nyingi haisikiki sana.

Moteri hizi ndogo nyingi hazina mafuta yake ya kulainisha. Mafuta yanachanganywa na esanse. Fuata karatasi iliyokuja na moteri. Kama inasema sehemu 1 ya mafuta kwa 25 za esanse, hiyo ni mililita 40 kwa lita moja. Pima kwa chombo chenye alama, usipime kwa jicho. Mafuta yakizidi, buji inachafuka na moshi unajaa. Mafuta yakipungua, pistoni inachemka na kukwama ndani ya silinda, gurudumu la nyuma linakabwa papo hapo, na mwenye kinga anaruka mbele. Kwa hiyo kwenye barabara vidole viwili vikae siku zote juu ya klachi. Ukisikia sauti ya moteri inabadilika na nguvu inapotea, bana klachi kwanza, maswali baadaye.

Buji ndiyo karatasi ya munganga wa moteri. Ikimbize moteri kidogo, izime, iache ipoe, kisha toa buji. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni afya. Nyeusi na yenye unyevu, esanse imezidi. Nyeupe, hewa imezidi, na moteri inaungua ndani kwa ndani. Ndani ya karburateri kuna sindano yenye mikato midogo. Kuinua sindano ni kuongeza esanse, kuishusha ni kupunguza. Badili mkato mmoja tu, jaribu, andika kwenye daftari. Anayebadili vitu vitatu kwa mara moja hatajua kipi kimemponya ao kimemuua.

Na kuna jambo la nchi yetu wenyewe ambalo karatasi ya China haikuandika. Uvira iko kandokando ya Tanganyika, karibu mita 800 juu ya bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Kule juu hewa ni nyepesi. Moteri iliyorekebishwa Uvira ikipanda milima kutoka Kamanyola mpaka Bukavu itakosa hewa, itatoa moshi mweusi na kuchoka. Hiyo ni hasara ya esanse tu. Lakini moteri iliyorekebishwa Bukavu ikishuka Uvira, hewa inakuwa nyingi na esanse inabaki ileile. Inakimbia vizuri, mwenyewe anafurahi, na kumbe buji imekuwa nyeupe na pistoni iko karibu kukwama. Aliyenunua kinga ya moteri Bukavu asiiamini kwenye uwanda kabla ya kuangalia buji yake.

Angalia pia pale karburateri inapokutana na silinda. Boloni ikilegea, hewa inaingia kwa wizi, na moteri inapiga kelele yenyewe bila kuongozwa. Wengi wanafikiri imepata nguvu. Imepata homa.

WANAOSEMA "NI MAMBO YANGU"

Tunajua watakaotujibu. Watasema breki ya ngoma ni ghali, kasike ni ghali, na mshahara hautoshi. Ni kweli kwamba vitu ni ghali. Lakini kama fedha ya breki haipo, basi fedha ya moteri pia haijafika. Kinachofanyika ni kukopa kwenye mifupa yako mwenyewe, na mifupa inadai riba kubwa. Aliye na fedha nusu ajenge nusu: mwezi huu magurudumu na breki, akanyage pedali kwa raha, moteri itakuja mwezi mwingine. Kinga yenye breki nzuri bila moteri ni kinga bora. Kinga yenye moteri nzuri bila breki si kinga tena.

Wengine watasema fundi wa kweli hahitaji kanuni. Kwenye usini tunaona kinyume. Fundi wa kweli ndiye anayezima umeme kabla ya kugusa mashini, anayeweka alama kwenye swichi, anayehesabu vifaa vyake kabla ya kufunga mfuniko. Anayedharau mambo hayo tunamjua kwa jina lingine. Kwa nini basi mtu yuleyule, akivuka lango jioni, aweke kidumu cha esanse karibu na jiko na kupanda chombo ambacho hakuna mtu wa pili aliyekikagua?

Na tutazame ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa tatu 2022 wakubwa wa Burundi walizuia kinga, pikipiki za abiria na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, na ajali za barabarani zilikuwa kati ya sababu zilizotajwa. Katazo la namna hiyo halichagui. Linamfungia mwenye breki pamoja na asiye na breki. Watu wasipojiwekea kanuni wenyewe, kanuni inatoka juu, na ikitoka juu haiulizi nani alikuwa mwangalifu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo mawili. Kwa wakubwa wa kompani: badala ya kukataza, fungueni mlango wa atelie Posho moja kila mwezi. Mfanyakazi alete kinga yake ya moteri, fundi mwingine aikague fremu, breki, mnyororo, tiyo ya esanse na kifungo cha kuzimia, kisha aandike jina lake kwenye karatasi. Mabaki ya mpira na boloni yanayotupwa yatatosha kusaidia wengi. Kwa wafanyakazi: msipande kinga mliyoijenga kabla ya macho ya mtu wa pili kuipitia. Jicho la aliyejenga linapenda kazi yake, na upendo hauoni ufa.

Siku ya kwanza ya kuijaribu, vaa kasike, viatu vilivyofungwa na suruali isiyopepea. Nenda asubuhi, kabla watoto hawajatoka shuleni na kabla soko halijajaa. Ukifika salama usiongeze mbio. Zima moteri, kaza tena kila boloni, kwa sababu saa ya kwanza ndiyo inayolegeza zote. Kisha rudi nyumbani polepole.

Ndugu wafanyakazi, jengeni. Mikono yenu inajua kazi, na mji wetu unahitaji watu wanaojua kazi. Lakini jengeni kama mnavyojenga kwenye usini: breki kwanza, moteri baadaye, na jicho la mwenzako katikati.

KAGUA KINGA YAKO LEO. NYUMBANI WANAKUNGOJA.